Naomba ushauri: nabuni kopo la chooni la kubeba mkobani, mdomo wake unanisumbua

BintiKisauni
Assalam aleikum nyote, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa hapa Mombasa. Mradi wangu wa kumalizia kozi ni kopo la kujisafishia chooni ambalo mtu atalitia mkobani akatoka nalo. Naomba tuliongee kwa heshima, maana ni jambo la kila siku na wengi tunaona haya kulitaja.

Sisi tumelelewa na maji. Nyumbani kopo liko, au birika, au kimpira cha ukutani. Taabu huanza ukishatoka. Ofisi nyingi za mjini choo kina karatasi tu, bomba liko nje kwenye sinki. Basi la Nairobi likisimama Mtito Andei una dakika chache, foleni ni ndefu, na kopo la mle ndani hujui limepita mikono ya nani. Wengi wetu hujaza chupa ya maji ya kunywa tukaingia nayo. Mkono wa kulia unamimina, wa kushoto unasafisha, na buibui alishike nani? Unatoka umelowa.

Kabla ya kuchora chochote nilizungumza na wanafunzi wenzangu na shangazi zangu. Walichotaka kilikuwa wazi: lisijulikane ni nini likionekana, lisilowanishe mkoba, na lifae choo cha kuketi na cha kuchuchumaa. Nikachora, nikafinyanga kwa plastisini nione linavyokaa kiganjani, kisha nikaingiza vipimo kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vitu kwenye kompyuta, na kulichapa kwa printa ya 3D. Mwili wake una mikunjo ili lishuke na kuwa fupi likiwa tupu. Mdomo ni mrija mwembamba uliopinda.

Sasa: linavuja kwenye mikunjo na kwenye kifuniko. Ukiligeuza, maji yanatoka kwa kugugumia, yanakata, yanatoka tena. Na mhadhiri anataka modeli ya mwisho ifanye kazi kweli mbele ya jopo, picha za kompyuta hazitoshi. Nianzie wapi?

FundiBomba_Makupa
Dada, wazo lako ni zuri, mke wangu nimemsomea amesema ungeharakisha.

Kugugumia ni hewa. Maji hayawezi kutoka chupani mpaka kitu kichukue nafasi yake: aidha chupa inywee, au hewa iingie. Plastiki uliyochapa ni ngumu, hainywei, kwa hiyo hewa inapigania kupita mdomo uleule maji yanapotokea. Una njia mbili. Ya kwanza, toboa kitundu kidogo kwenye kitako cha kopo, mahali kidole gumba kinapofika. Kidole kikitoka maji yanateremka, kikiziba yanasimama. Kasoro yake ni kwamba maji yatateremka tu, hayatapanda juu kwa nguvu, na kitundu nacho kitahitaji kizibo safarini. Ya pili, mwili uwe laini wa kubinywa. Hapo nguvu inatoka mkononi, ila ukiachia hewa lazima irudi, basi weka kivalvu kidogo cha mpira kinachoruhusu hewa kuingia bila kutoa maji. Mimi ningechukua ya pili.

Kuhusu kifuniko, usitegemee meno peke yake kuzuia maji. Meno kazi yake ni kukaza. Kinachozuia ni oringi, yaani pete ya mpira, au washa ya mpira iliyobanwa sawasawa. Chapa meno yawe na nafasi ya kama milimita 0.3 kati ya kifuniko na shingo, kisha tia oringi chini yake. Zinauzwa rejareja kwenye maduka ya vipuri vya mabomba.

Mama_Mtongwe
Mwanangu Mungu akubariki. Mimi huvuka feri kila siku na haya uliyoandika nayajua.

Lakini hiyo mikunjo iondoe. Kitu cha chooni kikikunjwa na maji ndani kitafanya utando, na utando utanuka. Mkono haufiki kwenye mikunjo kusugua. Halafu kumbuka maji ya kwetu. Nyumba nyingi tunatumia ya kisima, na yana chumvi. Yakikauka yanaacha ukoko mweupe, ule unaouona kwenye sufuria na kwenye bafu. Vitundu vyako vidogo vitaziba. Fanya mdomo unaofunguka, wenye tundu moja kubwa kiasi, si vitundu vingi vya kunyunyiza.

Na jambo jingine. Mamangu alipooza upande wa kulia. Kubinya hawezi. Kopo la mkono dhaifu umelifikiria?

Mchapaji_Tudor
Naunga mkono Mama Mtongwe kuhusu mikunjo, na naongeza la nyenzo. Ikiwa umechapa kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa za 3D, hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Iache ndani ya gari lililoegeshwa juani na madirisha yamefungwa uone itakavyopinda. Maji yanayochemka ndiyo kabisa. Pia uso wa kitu kilichochapwa una mistari, tabaka juu ya tabaka, na uchafu hujificha humo. Tena maji hupenya kati ya tabaka, ndiyo sababu mikunjo yako inavuja hata pasipo na ufa.

Chapa kalibu, usichape kopo lenyewe. Kalibu ya vipande viwili ya PLA, kisha umimine silikoni ya kuchanganya ambayo inaganda bila moto. Silikoni inachemshwa bila wasiwasi. Onyo moja: usiikutanishe na plastisini yako. Plastisini nyingi zina salfa, na silikoni ile nzuri inayogandishwa kwa platini ikigusa salfa haigandi, inabaki inanata. Mimina polepole kutoka pembe moja ili mapovu yapande.

Na kwa nini utengeneze mwili wote? Shingo za chupa nyingi za soda ni za kipimo kimoja, milimita 28. Tengeneza kichwa tu, mdomo uliopinda unaofungwa juu ya chupa ya soda ya nusu lita. Kichwa kinakaa kwenye kijaluba kidogo, chupa unaipata popote. Nani atajua mkobani umebeba nini?

NesiMstaafu
Mchapaji, hilo la chupa ya soda nalipenda kwa wepesi wake ila lina hatari. Chupa ya kinywaji iliyotumika chooni ikirudi mkobani, mtoto ataichukua anywe. Akifuata njia hiyo, kichwa kiwe na rangi kali, na chupa itupwe au iwekwe alama isiyofutika.

Binti yangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Mama aliyejifungua akashonwa hujimwagia maji ya uvuguvugu kila anapokojoa ili asiungue na mshono ukae safi. Kwa hiyo kopo lako lina watu wengi kuliko wasafiri, na jopo lako lisikie hivyo. Ila nguvu ya maji iwe ya upole. Ni maji ya kusuuza nje, si ya kupiga ndani. Ndani ya uke hapasafishwi kwa mrija, kunaharibu kinga yake ya asili. Na kwa mwanamke maji na mkono viende kutoka mbele kwenda nyuma, maana vijidudu vya haja kubwa vikifika njia ya mkojo ndiyo maambukizi yenyewe. Chora mdomo ambao ukishikwa kwa kawaida unaelekeza maji huko bila mtu kufundishwa.

Shingo iwe pana, vidole viwili viingie na kitambaa. Baada ya kutumika lisafishwe kwa sabuni na likauke likiwa wazi. Chombo chenye unyevu kilichofungwa mkobani kutwa ni shamba la bakteria. Na kila mtu na lake, haliazimwi.

BintiKisauni
Shukran sana, nimesoma kila neno. Mikunjo naiondoa. Mama Mtongwe, pole kwa mama, Mungu ampe nafuu. Kweli mkono dhaifu haukuwa kwenye maswali yangu.

Chupa ya soda sitaitumia kama bidhaa ya mwisho, kwa sababu ya alilosema Nesi, lakini nimeiona inanifaa kwa majaribio. Nitachapa vichwa vyenye pembe tofauti, nivifunge juu ya chupa ileile, nilinganishe mdomo peke yake kabla ya kuhangaika na mwili. Je, kuna njia rahisi zaidi ya kutafuta pembe? Kuchapa kila kimoja ni gharama.

FundiBomba_Makupa
Chukua bomba jembamba la PVC la nyaya za umeme. Lichovye kwenye maji yanayochemka, likilegea lipinde, lichovye kwenye maji baridi. Umepata pembe yako kwa shilingi chache. Usilichome kwa moto, moshi wake ni sumu. Kila pembe uiandike kwa kalamu juu ya bomba.

Kumbuka chupa itakuwa kichwa chini. Kwa hiyo mdomo lazima urudi juu, la sivyo maji yataishia miguuni. Pima na maji yanayotumika: weka chupa kwenye mizani ya jikoni kabla na baada, gramu moja ni mililita moja. Hapo ndipo utajua kopo liwe la ujazo gani, usikisie.

Mchapaji_Tudor
Kwa mkono dhaifu, rudia ile njia ya kwanza ya fundi ya kitundu cha kidole gumba. Haihitaji kubinya. Mwili mmoja, vitako viwili vya kubadilisha.

Na kabla hujatundika picha humu, pita Kenya Industrial Property Institute uulizie kusajili muundo. Ulinzi ni wa miaka 5, unaongezwa mara mbili hadi 15, lakini muundo lazima uwe mpya. Ukishauanika mtandaoni unajiwekea kikwazo mwenyewe.

NesiMstaafu
Ukiwapa watu kujaribu, kila mmoja apewe kichwa chake cha silikoni kilichochemshwa, ajaribu faraghani na ajaze karatasi bila jina. Usiwaulize habari za miili yao. Uliza maji yalifika, nguo zililowa, mkono ulichoka.

BintiKisauni
Nimeandika yote. Bado jaribio la kuvuja, maana jopo litaanzia hapo.

FundiBomba_Makupa
Jaza maji yenye rangi ya keki, kaza, lizungushie kitambaa cheupe, litie mkobani ulale mkoba ubavuni usiku kucha. Asubuhi panda nalo tuktuk kwenye barabara mbovu. Kitambaa kikipata doa utaona limetokea wapi hasa, kwenye oringi au kwenye mdomo.

Mama_Mtongwe
Ukishapata pembe zako nijulishe hapa. Akina mama wa chama chetu wako tayari kujaribu, ila uje na lile la kitundu pia. Nitampa mamangu alishike, na akisema gumu nitakuandikia vilevile alivyosema.