Kozi ya kutangaza biashara kwa video: nyota tano zinaombwa kabla hujafundishwa chochote!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya kutangaza biashara kwa video, yote hadi jaribio la mwisho, na nawaambia zile nyota tano zinazopamba kozi hizi msiziamini hata kidogo. Jina silitaji, maana wapambe wao wakiliona tu watavamia uzi na kuanza kumwaga sifa.

Tuanze na hizo nyota. Kidirisha cha kuomba maoni kinakurukia mwalimu bado anajitambulisha. Hujafundishwa kitu, unaulizwa umeionaje kozi! Wengi wanabonyeza tano ili kipotee waendelee na safari. Ukikikwepa kinakusubiri mwishoni, na cheti hakifunguki mpaka utoe maoni. Haya, nikatoa: nyota mbili na maelezo marefu. Huduma kwa wateja wakanijia kwa upole wa ajabu, eti nikipandisha zifike tano nitafunguliwa masomo ya ziada bure. Yaani nihongwe kwa masomo yaleyale ninayoyalalamikia? Marekani, tangu Oktoba 2024, kuna kanuni ya tume yao ya biashara, FTC, inayopiga marufuku kutoa zawadi kwa sharti kwamba mteja aandike maoni mazuri. Hawa wanalifanya jambo hilohilo mchana kweupe, tena kwa maandishi.

Hela nayo hairudi. Sharti lao ni kwamba ukishapita kiasi fulani cha masomo, haki ya kurudishiwa imekufa. Sasa masomo yenyewe yanajicheza moja baada ya jingine bila kukuuliza. Ukiinuka kidogo tu, umeshavuka mstari.

Twende kwenye maudhui. Tangazo linasema kozi "imehuishwa mwaka huu". Mwalimu anafundisha, kwa mbwembwe zote, jinsi ya kuweka vile visanduku vya maandishi juu ya video ya YouTube ambavyo mtazamaji alikuwa akivibonyeza. Jamani! YouTube walizuia kuviongeza na kuvihariri Mei 2017, na Januari 2019 wakavifuta vyote, hata vilivyokuwa kwenye video za zamani. Mtu akauliza mbona hakioni hicho kitufe, msaidizi akamjibu ajaribu kivinjari kingine. Kivinjari kingine! Kuna na somo zima la IGTV, ile sehemu ya video ndefu ya Instagram, jina ambalo Instagram waliachana nalo 2021. Halafu kwenye somo la kumchunguza mshindani unaambiwa uhesabu watu wasioipenda video yake, wakati YouTube waliificha hesabu hiyo kwa umma tangu Novemba 2021. Kilichohuishwa hapo ni picha ya jalada tu.

Ila hayo ya kupitwa na wakati ningeweza kuyameza. Kilichonipandisha mori ni jedwali.

Wanakupa jedwali la kupima mafanikio. Unaingiza watazamaji wa Facebook, watazamaji wa tangazo la YouTube, watazamaji wa Shorts, zile video fupi za YouTube, halafu jedwali linajumlisha. Linajumlisha nini? Facebook kwa miaka mingi walihesabu mtazamo kuanzia sekunde 3. Tangazo la YouTube linaloweza kurukwa linahesabiwa mtu akitazama sekunde 30, au lote kama ni fupi kuliko hapo, au akilibonyeza. Shorts, tangu 31 Machi 2025, kila video inapoanza kucheza au kurudia kucheza ni mtazamo, hata mtu akiipitisha papo hapo. Ni kama kujumlisha lita, mita na kilo, kisha ukasema biashara imekua.

Na wala si jambo dogo. Mwaka 2016 Facebook wenyewe walikiri kwamba wastani wao wa muda wa kutazama ulikuwa umetiwa chumvi. Walichukua muda wote uliotazamwa wakaugawa kwa waliofikisha sekunde 3 tu. Fanya hesabu: watu 100 wanaanza video, 60 wanaondoka kabla ya sekunde 3, 40 waliobaki wanatazama sekunde 20 kila mmoja. Kwa hesabu ile wastani unasomeka 20 na ushee. Wastani wa kweli haufiki 10. Watangazaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 ikakubaliwa walipwe dola milioni 40. Kozi ya matangazo ya video isiyogusia kisa hiki hata kwa sentensi moja inafundisha nini?

Grafu inayoonyesha watu wanaondokea sekunde ya ngapi, hakuna. Kuipa kila video kiungo chake ili ujue mnunuzi kaletwa na ipi, hakuna. Kuna somo refu la kutengeneza nembo inayozunguka mwanzoni mwa video, yaani pale pale watu wanapokimbia. (Masomo yake yenyewe yanaanza hivyo, kila moja.) Na kuna somo la kujaza tagi, yale maneno ya utafutaji unayoiambatishia video, ambazo YouTube wenyewe wanaeleza zina mchango mdogo sana katika video kuonekana.

Kisha ile "zawadi" ya mwisho: kikundi cha wanafunzi kujisajili kila mmoja kwenye chaneli ya mwenzake. Sera za YouTube zinakataza mchezo huo. Hata wasipokukamata, umejijazia watu wasio na haja na bidhaa yako, hawatazami, na takwimu zako zinachafuka.

Nimewaandikia ninachotaka: waondoe masomo yaliyopitwa na wakati, waache kufunga cheti nyuma ya maoni, wanirudishie changu. Wamejibu kwa kunitumia punguzo la kozi ya pili.

Kama kuna aliyesoma kozi inayomfuatilia mtazamaji hadi anapolipa, aiweke hapa, ila aseme kwanza kama muuzaji ni yeye. Na wasimamizi, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa matangazo ya kozi.