Sweeney Todd ukumbini Moshi: picha giza, waimbaji hawasikiki

Kwaya_Njoro:
Wakuu, salaam. Kikundi cha kwaya na maigizo hapa Moshi kinataka kutazama pamoja Sweeney Todd, ile filamu ya kuimbwa ya Tim Burton ya 2007, kuhusu kinyozi anayelipiza kisasi. Watu kama 60, projekta ya lumeni 3,000, kitambaa chenye upana wa mita 3, spika mbili na miksa. Kwenye majaribio picha ni giza tupu na ala zinawafunika waimbaji. Niongeze mwanga? Na asiyewahi kuona igizo la kuimbwa ataelewa, au tumsimulie kisa kwanza?

Fundi_Pasua:
Mkuu, lumeni 3,000 kwa mita 3 zinatosha na kubaki. Adui ni mwanga unaoingia ukumbini. Projekta hairushi weusi. Sehemu nyeusi ni kitambaa kisichopigwa na mwanga, hivyo taa moja tu ya barazani ikikifikia, kila kivuli kinageuka kijivu. Jua la Moshi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo anza saa moja na nusu usiku, na uzibe yale matofali ya matundu juu ya madirisha. Wengi huyasahau.

Brightness usiiguse, itageuza weusi kuwa ukungu. Pandisha gamma, yaani mwangaza wa sehemu za kati bila kugusa weusi: kwenye VLC, programu ya kuchezea video, peleka 1.1 hadi 1.25, usizidishe. Projekta iweke kwenye hali ya picha ya Cinema, si Dynamic. Rangi za filamu hii zimefifishwa kwa makusudi: London ni ya kijivu, damu ni nyekundu ya kupiga kelele, na ni kumbukumbu za kinyozi na ndoto ya Bi Lovett, muuza mikate mwenzake, ya kuhamia pwani ndizo zinazong'aa. Ukikoleza rangi kote, umefuta tofauti hiyo.

Sauti sasa. Bila shaka faili lako lina sauti ya 5.1, yaani ya chaneli sita, ambamo waimbaji wamewekwa kwenye chaneli ya katikati. Kompyuta ikitoa kushoto na kulia tu bila kuchanganya vizuri, katikati inapotea na ala zinabaki. Chagua sauti ya stereo kama ipo. Kama haipo, amuru programu ishushe chaneli zote kuwa mbili. Halafu washa kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa: uwiano 4:1, kizingiti kama -20 dB. Johnny Depp, anayemwigiza kinyozi, anaimba nusu kwa kunong'ona, kisha okestra inalipuka. Bila kompresa mtu wa miksa atahangaika usiku kucha. Kwenye miksa punguza besi chini ya 120 Hz, kuta za saruji zinaivumisha. Mvua za masika zikipiga bati hakuna kompresa itakayokuokoa, ahirisha.

Jukwaa_Sakina:
Upande wa mashine kaka Fundi kamaliza. Kuhusu kisa, simulia mwanzo tu: kinyozi Benjamin Barker alifungwa kwa hila za Jaji Turpin aliyemtamani mkewe, akapelekwa Australia, na sasa amerudi baada ya miaka 15 kwa jina jingine, Sweeney Todd. Usiseme neno kuhusu yule mama ombaomba. Anayejua siri yake mapema amepoteza nusu ya filamu.

Wanakwaya waambie kuwa hapa nyimbo hazisimamishi kisa, ndizo kisa. Stephen Sondheim alitunga igizo hili la Broadway mwaka 1979 likiwa karibu lote ni muziki. Jukwaani kundi zima huimba utenzi wa kumtambulisha Todd. Burton aliwaondoa waimbaji hao, ukabaki muziki wa ala. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la filamu, maana kundi lile lilikuwa mji unaoshuhudia. Faida yake ni ukaribu: wembe na shingo unaviona kwa sentimita, jambo ambalo jukwaa haliwezi.

Mapumziko yaweke baada ya wimbo wa Todd na Bi Lovett wakipanga mikate ya nyama ya watu, wakitaniana ni fani gani ina ladha gani. Jukwaani ndipo sehemu ya kwanza inapoishia. Ukikata kabla yake, umeondoa kicheko pekee kinachofuata hasira kali ya Todd, na ukumbi utarudi umenuna.

Kwaya_Njoro:
Asanteni sana. Spika naweza kuunganisha kwa Bluetooth?

Fundi_Pasua:
Hapana, tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na kwenye wimbo jicho linagundua haraka kwamba mdomo umetangulia. Waigizaji hawa walirekodi nyimbo studio kwanza, kisha wakafuatisha midomo mbele ya kamera, kwa hiyo usiongeze kosa lako juu yake. Sauti ikipishana hata kwa waya, kwenye VLC bonyeza J au K. Kila mbonyezo ni milisekunde 50.

Weka pia UPS, betri ya akiba, kwa projekta. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hapo ndipo taa hufa.

Jukwaa_Sakina:
Ongezea mawili, dada. Diski ya nyumbani haibebi ruhusa ya kuonyesha ukumbini: omba kwa mwenye haki, na uulize Bodi ya Filamu kuhusu kibali kabla ya kubandika tangazo. Na watoto wa kwaya wasije. Uingereza filamu hii ilipewa daraja la 18, na shingo zinakatwa mbele ya kamera, si nyuma ya pazia.