Babu alikuwa koplo wa Keya: anastahili makala yake kwenye kamusi elezo?

Mjukuu wa Keya

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaohariri kamusi elezo za mtandaoni.

Babu mzaa mama alikuwa koplo wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Aliandikishwa 1942, akavushwa bahari hadi Bama (Burma, leo Myanmar), na 1944 alikuwa bonde la Kabaw na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walikwenda kwenye matope na mvua mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Alirudi na homa zisizokwisha na sanduku moja la bati.

Tulipomaliza matanga yake, bibi alinikabidhi ufunguo wa sanduku hilo. Ndani mlikuwa na nyota ya ncha sita, rangi ya shaba, na utepe wa buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati na michirizi miwili ya chungwa. Niliigeuza nitafute jina lake. Nyuma ni tupu. Chini yake kulikuwa na kitabu chake cha jeshi, mchwa wamekula pembe moja, namba yake bado inasomeka, jina limekosewa herufi mbili.

Mwezi uliopita nikamwandikia makala, aya nne tu. Siku ya tatu nikakuta imewekewa alama ya kufutwa, sababu: mhusika si maarufu. Neno hilo limenikaa kooni. Hivi askari wa kawaida, aliyekwenda alikotumwa akapigana, hastahili makala? Na kama hastahili, jina lake likae wapi?

Mhariri wa Usiku

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee.

Nahariri kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema wazi: kwa ulivyoeleza, hastahili makala ya peke yake. Si kwamba hakuwa mtu wa maana. Umaarufu kwenye kamusi elezo si heshima tunayogawa, ni swali la kama watu wengine, wasio ndugu zake, wamekwisha kuandika habari zake. Makala yako imesimama juu yako na sanduku. Kesho mtu akibadilisha 1942 kuwa 1940, mimi nitamrekebisha kwa kuangalia wapi?

Wala usidhani ni suala la cheo. Wikipedia ya Kiingereza iliwahi kuwa na mwongozo wa wahariri wa historia ya vita uliowapa nafasi majenerali na waliopata nishani ya juu kabisa ya nchi yao. Uliwekwa kando 2021. Siku hizi hata jenerali anaulizwa vyanzo. Na sajini anaweza kuwa navyo: Nigel Leakey alikuwa sajini tu wa Keya, na ana makala.

Binti Kariakoo

Mhariri, umemtaja Leakey, basi tumtazame huyo huyo.

Ni Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Leakey alikuwa kikosi cha 1/6 cha Keya, na Keya ya sita ni Keya ya Tanganyika. Vifaru vya Waitaliano vikawatokea. Akarukia kimoja, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva. Kisha akavifuata vingine kwa miguu. Aliuawa juu ya kifaru, mwili wake haukuonekana tena, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Alistahili, sibishi.

Sasa soma maelezo rasmi ya nishani hiyo hadi mwisho. Yanasema alivinyemelea vile vifaru pamoja na sajini meja mmoja Mwafrika na askari mwingine mmoja. Yanasema kifaru cha tatu alikirukia pamoja na askari Mwafrika. Watu walewale, risasi zilezile, kifaru kilekile! Mwandishi aliyeandika hayo alijua vyeo vyao, bila shaka angeweza kuuliza majina yao. Hakuuliza. Leo sisi tunakuja na kanuni safi kabisa ya vyanzo, na kanuni hiyo inampa mmoja makala na wawili inawaacha bila hata jina, kwa sababu karani wa wakati ule hakuliandika.

Mimi nimezaliwa Kariakoo. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita ya Kwanza. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye vita hiyo, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ukiniuliza mpagazi mmojammoja awe na makala, nitakujibu haiwezekani. Lakini tusiseme hawakuwa maarufu. Tuseme hawakuandikwa.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma wote. Niongeze la mtu mmoja.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904. Vita ya Kwanza ilimkuta mtoto, akaingia jeshi la Wajerumani, ambako baba yake alikuwa askari. Hakuwa na cheo chochote. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ya baba yake na yake ambayo haikulipwa. Wakamkatalia. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Leo jina lake liko kwenye jiwe dogo la kumbukumbu lenye bamba la shaba, lililopachikwa njiani Berlin, ameandikiwa kitabu, na makala anayo.

Kwa nini yeye? Kwa sababu alidai. Kila alipogonga mlango wa ofisi, karatasi iliongezeka kwenye faili, na faili zikabaki.

Kwa hiyo wewe Mjukuu, anza na karatasi. Piga picha kila ukurasa wa kitabu hicho kabla mchwa hawajarudi. Mrekodi bibi yako akieleza, taja tarehe. Peleka nakala kwenye nyaraka za taifa au chuo kikuu, mahali ambapo mtafiti ataikuta. Halafu andika makala ya kikosi chake. Hiyo hakuna atakayeifuta.

Mjukuu wa Keya

Shikamoo Mwalimu. Asanteni wote, na wewe Mhariri, swali lako la 1940 sikuwa na jibu lake. Makala nimeiondoa mwenyewe leo asubuhi.

Nimeanza kupiga picha. Ukurasa wa mwisho wa kitabu, ambao sikuwahi kuufungua kwa kuwa ulikuwa umegandana na jalada, babu ameandika kwa penseli majina saba, kila moja na kwao: wawili Songea, mmoja Kilosa, wawili Mahenge, mmoja Iringa, wa mwisho pamefutika. Matatu ameyawekea msalaba pembeni. Bibi anasema alikuwa akiyasoma kwa sauti kila mwaka mvua za kwanza zikianza, naye alidhani ni dua.

Kama mzee wa kwenu alitoka sehemu hizo akaenda Bama na Keya, niandikie faraghani, nikusomee hayo majina.