Naombeni ushauri: bushi za kontro ami za mbele, BMW E46 330i. Za maji, mpira mtupu au poli?

Sita_Mstari:
Wakuu, habari zenu. Gari ni BMW 330i sedan ya 2003, bodi ya E46, inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Nikikanyaga breki kutoka 110 kushuka 80, usukani unatikisika. Nikiachia breki, shwari. Kwenye rasta kuna mlio wa du-du upande wa abiria, na matairi ya mbele yote mawili yameliwa kwa ndani. Nikichungulia chini naona zile bushi kubwa (vipande vya mpira vya kiungo) za nyuma ya kontro ami (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) zina nyufa, na moja imevuja kitu cheusi hadi kwenye kibebeo chake (chuma kinachoishika bushi).

Machaguo niliyo nayo: Lemförder ya maji, Meyle HD ya mpira mtupu, Powerflex ya poliurethani (poli, plastiki ngumu inayonyumbuka). Fundi naye anasema achonge za nailoni, "utasahau habari ya bushi". Gari ni la kila siku hapa Dar, na Morogoro wikiendi. Sina mpango wa mashindano. Nichukue ipi, na nini kingine nibadilishe kwa mkupuo huohuo?

SpanaKumiNaSita:
Mkuu, hiyo iliyovuja imekufa, hapo hakuna mjadala. Bushi ya kiwandani ya E46 ina vyumba vya majimaji ndani ya mpira. Kazi yake ni kumeza mtikisiko wa mbele-nyuma unaotoka kwenye gurudumu. Majimaji yakishatoka, unabaki na mpira laini wenye uwazi ndani, na kila ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo halafu linasogea tena mbele. Likirudi, tou (uelekeo wa magurudumu kuangalia ndani au nje) nayo inabadilika, ndiyo maana usukani unacheza. Kuliwa matairi kwa ndani pia kunaendana na hilo.

Kwa matumizi uliyoyataja ningechukua mpira mtupu. Barabara zetu za matuta na mashimo zinaichosha bushi ya maji mapema, na ikipasuka mara moja basi, haina nusu uzima. Ya mpira mtupu haina cha kuvuja, usukani unajibu haraka zaidi, na nyongeza ya mtikisiko ndani ya gari ni ndogo tu. Ya maji inabaki bora kwa mtu anayetaka ule utulivu wa gari jipya na yuko tayari kuibadilisha tena.

Za kuchonga usikubali. Angalia umbo la hiyo kontro ami: imejikunja kama mundu, ina boljointi mbili mbele (viungo vya tufe la chuma vinavyozunguka) na bushi moja tu nyuma. Gurudumu likipanda na kushuka, ncha ya nyuma haizunguki tu, inainama pia. Nailoni haiinami. Kitu kitakachoinama badala yake ni kibebeo, au boljointi ya ndani itapokea mzigo usio wake.

Mzee wa Diski:
Kabla ya kufungua pochi, pima diski. Bushi mbovu haianzishi mtikisiko wa breki, inaufanya uonekane. Mara nyingi chanzo ni diski yenye unene usiolingana. Weka maikromita sehemu nane kuzunguka diski, sentimita moja hivi kutoka ukingoni. Ukiona tofauti inayofika milimita 0.02, yaani sehemu mbili kati ya mia za milimita, diski hiyo ina kesi. Ukifunga bushi mpya juu ya diski mbovu, mtikisiko utapungua, utashangilia, halafu utarudi.

Jambo lingine, rimu. Haba ya E46 (kitovu ambacho rimu hukaa) ina kipenyo cha milimita 72.6 katikati. Kama umefunga rimu zisizo za BMW zenye tundu kubwa kuliko hapo bila ringi za kujazia, unaweza kubadilisha bushi mpaka uchoke. Ila mtikisiko wa rimu huja hata bila breki, kwa hiyo kwako sidhani.

PoliTu:
Naona poli inapigwa vita bila kusikilizwa. Powerflex ya E46 haijatengenezwa kama kipande kimoja kigumu cha kuchongwa. Ina sehemu ya ndani inayokaa kwenye ncha ya kontro ami yenye pembe sita na kuzunguka ndani ya poli. Haichaniki kama mpira, na poli hustahimili mafuta vizuri zaidi, jambo ambalo kwa injini hizi zinazovujisha mafuta kwenye kifuniko cha valvu si dogo. Anayependa usukani ulionyooka atafurahi.

Angalizo moja tu: pima tundu la kibebeo kabla ya kuagiza. Kuna la milimita 60 na la milimita 66, na bushi zake haziingiliani.

SpanaKumiNaSita:
Sawa PoliTu, ya kiwandani si sawa na ya kuchonga, hapo nakubali. Lakini inataka grisi ya silikoni wakati wa kufunga, na vumbi likiingia italia kama mlango wa kale. Fundi akipaka grisi ya kawaida ya beringi kwa kuwa ndiyo iliyopo, kelele zitaanza mapema. Mwenye gari la wikiendi anaweza kuifungua na kuipaka upya. Mwenye gari la kila siku hafanyi hivyo, tusidanganyane.

Na hiyo habari ya 60 na 66 ndiyo sababu nyingine ya kununua bushi ikiwa tayari kwenye kibebeo chake. Unaepuka presi (mashine ya kusukumia bushi kwenye tundu lake), unaepuka kuikaza bushi ikiwa imepinda, na unaepuka kosa la mshale. Bushi ya mpira ina alama ya mshale inayotakiwa kulingana na alama kwenye kibebeo. Ikiingizwa imezungushwa, zile sehemu laini zinakaa upande usio wake na gari litaendeshwa vibaya kuliko lilivyokuwa na bushi iliyochanika.

Binti Gereji:
Kwenye kuchagua mmemaliza, mimi niongeze kufunga, maana hapo ndipo bushi nzuri huuawa.

Kontro ami inaweza kubaki kwenye gari. Inua mbele yote, weka stendi pande zote mbili, usitegemee jeki. Piga alama ya rangi kwenye shina la kontro ami kuonyesha bushi ya zamani ilikoishia. Fungua bolti mbili za kibebeo, spana namba 16. Vuta kibebeo kwa pula ya meno mawili, bolti yake ya katikati ikisukuma ncha ya kontro ami. Safisha shina kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe.

Kulainisha, tumia maji ya sabuni. Usitumie grisi, oili wala WD-40. Mafuta yanaula mpira, na zaidi ya hapo hayakauki, kwa hiyo bushi itaendelea kuteleza kwenye shina. Maji ya sabuni yanakauka, na hilo lina mtego wake: bushi lazima ikaukie pale itakapoishi. Ikishaingia hadi kwenye alama, funga bolti, rudisha magurudumu, shusha gari chini upesi, lisukume mbele na nyuma kidogo, ubonyeze bampa mara kadhaa, kisha uliache litulie nusu saa. Ukienda kunywa chai gari likiwa bado linaning'inia, mpira utashika ukiwa umejisokota, na utachanika mapema sana ukilinganisha na umri wake.

Bolti za kibebeo: kaza kwa 59 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Badilisha pande zote mbili hata kama moja inaonekana nzima.

Sita_Mstari:
Asanteni sana wakuu. Nimeingiza wenzo kati ya kontro ami na nako (chuma kinachobeba gurudumu). Boljointi ya nje upande wa abiria ina uchezi unaoonekana kwa macho. Ya ndani imetulia. Nifanyeje hapo?

SpanaKumiNaSita:
Hapo hesabu imebadilika. Boljointi za E46 zimeungana na kontro ami, kwa hiyo nunua kontro ami nzima, kushoto na kulia, pamoja na bushi zilizo kwenye vibebeo. Hakikisha si ya xi, ile inayovuta magurudumu yote manne, zake ni tofauti. Ukitazama Lemförder na ukaona sehemu imesagwa pale nembo ya BMW ilipokuwa, usishtuke, vipuri vingi vya mtengenezaji wa awali huuzwa hivyo. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni boksi zuri lenye kipuri kisicho na maandishi yoyote yaliyochorwa kwenye chuma.

Nati mpya za kujikaza ziwemo. Ya ndani, kwenye krosmemba (boriti ya chuma chini ya injini), 90 Nm. Ya nje, kwenye nako, 65 Nm. Ile ya ndani inakaa juu ya krosmemba na mkono hauingii vizuri, tenga muda. Boljointi ikizunguka pamoja na nati, isukume kwa jeki kutoka chini ili ijibane kwenye tundu lake, halafu kaza.

Mzee wa Diski:
Ukimaliza nenda alaimenti siku hiyohiyo. Mbele kinachorekebishwa ni tou tu. Kemba (mlalo wa gurudumu kwa ndani au nje) haina marekebisho ya kawaida, ipo pini juu ya shokapu inayoweza kuondolewa ili kupata nafasi ndogo. BMW hupima gari likiwa na mzigo: tangi limejaa, kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele na kilo 68 katikati ya kiti cha nyuma. Mifuko ya mchanga inatosha. Fundi akikucheka, mwombe akupe vipimo vya kabla na baada vilivyochapishwa. Na mwambie aangalie bushi za trelingi ami (mikono inayoshika magurudumu ya nyuma) akiwa huko chini, maana zikiwa zimekufa gari litaendelea kuyumba ukibadilisha njia na utazilaumu hizi mpya za mbele.

Sita_Mstari:
Nimewaelewa. Kontro ami mbili, Meyle HD kwenye vibebeo, nati mpya. Jumamosi napima diski kwanza.

Binti Gereji:
Na sabuni usisahau.