Tupeane uzoefu: ulipiga hesabu ya saa za ndege, ukakosea wapi?

Wakuu, naanza mimi. Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa London kwenda New York. Niliona umbali ni kilomita 5,500 na ushee, nikasikia ndege hukata kama 900 kwa saa, nikagawanya: saa sita na kidogo. Nikamwambia shemeji aliyekuwa anipokee ajipange hivyo. Maskini, alisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Hewani tulikaa saa saba na nusu, achilia mbali foleni ya kuruka na kule kusubiri mlango wa kushukia baada ya kutua. Kurudi, kwa njia ileile, tukatumia saa sita na robo. Nani mwingine yamemkuta?

Kiti cha Dirishani
Ulipigana na upepo, mkuu. Huko juu, kilomita kama 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda nao unasukumwa, ukiupinga unalipa kwa muda na mafuta. Februari 2020 kuna ndege ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56 kwa sababu ya dhoruba iliyokuwa nyuma yake. Mimi sijawahi kubahatika hivyo. Mimi ni wa kuupinga tu.

Mzigo Mkononi
Kosa langu lilikuwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi ya Auckland kwenda Los Angeles, mwezi wa kwanza: kuondoka Ijumaa 20:00, kufika Ijumaa 11:00. Nikampigia wakala kumwambia amekosea, nafikaje kabla sijaondoka? Akacheka sana. Ni safari ya saa 12 hivi, ila unavuka mstari wa tarehe, ule wa kubuni katikati ya Pasifiki ambapo tarehe inabadilika. Saa zote za tiketi ni za mahali ulipo, siyo za ulikotoka. Kurudi ndiyo kulinitoa machozi: nilipanda Ijumaa usiku, nikashuka Jumapili asubuhi. Jumamosi ile ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Sikuiona.

Mwoga wa Mawingu
Dubai kwenda Los Angeles, saa 16. Nilijua tutaelekea magharibi tuvuke Atlantiki. Nafungua ramani kwenye skrini, ndege inapanda kaskazini, tunaiacha Urusi, barafu tupu chini. Nikamuita mhudumu nikamwuliza kwa sauti ya chini kama rubani yuko sawa. Nilipofika nikachukua tufe na uzi, nikauvuta kati ya miji hiyo miwili: uzi ukapita karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Ramani bapa inatudanganya, jamani.

Kiti cha Kati (kwa bahati mbaya)
Nawaongezea. Helsinki kwenda Tokyo, 2019, nilikwenda kwa saa 9 na nusu. Nikarudia 2023: saa 13! Viwanja havijahama. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, ndege zinazunguka. Kwa hiyo programu zinazokupa umbali wa uzi wa moja kwa moja zisikupe uhakika. Angalia muda halisi wa ndege hiyohiyo kwa wiki kadhaa zilizopita.

Kiti cha Dirishani
@Kiti cha Kati umesema. Na kwa anayewaza Singapore–New York, kilomita zaidi ya 15,300, hapo ni saa 18 na zaidi bila kutua. Soksi pana, na uamke utembee. Filamu zitakuishia, nakuambia.

Mwanzisha mada
Asanteni, nimeelewa. Safari iliyofuata nilimtumia shemeji namba ya ndege aifuatilie mwenyewe, na nikamwandikia "natua 07:00". Akaja saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku tangu saa moja asubuhi.