Minivan mpya, breki zinatikisika kila mara, na wakala anasema waranti haihusiki

Mama Watoto, Columbus (Ohio)

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wanaoyajua magari na wanaozijua sheria za huku Ohio. Miezi kumi iliyopita tulinunua minivan mpya kabisa, kwa kuwa familia imeongezeka na gari dogo halikututosha tena. Lilipofika maili kama 6,000, usukani ulianza kutetemeka kila nilipokanyaga breki nikiwa kwenye mwendo mkubwa, hasa ninapotoka barabara ya I-270 na kupunguza kasi. Chupa za watoto hugongana kwenye vishikio vyake, na mtikisiko nausikia hadi kwenye viwiko. Nilimpelekea wakala aliyetuuzia, akakereza diski za mbele. Mtikisiko ukatoweka, kisha ukarudi. Mara ya pili akabadilisha diski na pedi zote za mbele bila kutulipisha. Sasa gari limefika maili 14,200 na hali ni ileile.

Safari hii meneja wa huduma amekataa. Anasema pedi na diski ni vitu vya kuisha, kwamba waranti ya miaka 3 au maili 36,000 haivigusi, na kwamba kwa kuwa tairi zilibadilishwa nafasi kwenye duka la tairi badala ya kwake, hata angetaka kutusaidia asingeweza. Anatutaka tulipe dola 640. Je, ana haki ya kusema hivyo, au anatuchezea kwa kuwa sisi ni wageni?

Fundi wa Dayton

Dada, meneja amechanganya mambo mawili, kuisha na kuharibika, na mchanganyiko huo unamnufaisha yeye. Pedi iliyoisha ni pedi iliyobaki nyembamba, na hiyo ni kweli kwamba waranti nyingi haziilipii, au huilipia kwa muda mfupi tu wa mwanzo. Diski inayotikisa usukani baada ya maili elfu chache haijaisha; imekuwa nene sehemu moja na nyembamba sehemu nyingine, na tofauti ya sehemu mbili au tatu tu za mia za milimita inatosha kumfikia dereva mikononi. Swali analopaswa kulijibu ni hili: ni nini kinachozila diski hizo kwa namna hiyo, tena kwa kurudia?

Mara nyingi chanzo hakimo ndani ya diski. Diski ikifungwa juu ya habu (kitovu kinachoshika gurudumu) yenye kutu au uchafu, haikai sawasawa, inayumba kidogo sana inapozunguka, na upande mmoja unagusana na pedi hata wakati hujakanyaga breki. Upande huo unaliwa taratibu, na ndiyo maana gari hutoka gereji likiwa zuri, likatembea vizuri maili elfu kadhaa, halafu tatizo likarudi. Ukikereza diski bila kuigusa habu, umeondoa dalili na kuacha ugonjwa. Chanzo cha pili ni kukwama kwa pini za kalipa, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, jambo tunaloliona sana huku kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, ingawa kwa gari la miezi kumi ni mapema kidogo. Cha tatu ni nati za magurudumu kukazwa kwa mashine ya upepo bila kipimo, moja ikabana sana na nyingine kidogo, diski ikapinda.

Hicho cha tatu lazima nikiseme wazi, kwa sababu hapo meneja anaweza kuwa na hoja. Maduka mengine ya tairi hukaza nati kwa mashine na kumwachia mteja gari bila kutumia spana ya kipimo. Je, tairi zilibadilishwa nafasi kabla mtikisiko haujaanza, au baada yake? Tafuta risiti.

Ukirudi kwake, omba wapime mchezo wa diski, yaani inavyoyumba inapozunguka, ikiwa imefungwa kwenye habu, kwa saa ya kupimia, na unene wake sehemu kadhaa za mzunguko, kisha waandike tarakimu hizo kwenye karatasi ya kazi pamoja na kikomo cha mtengenezaji. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, hivyo hakuna ubishi. Karatasi iliyoandikwa tu kwamba breki zimechakaa, bila kipimo hata kimoja, ni maoni ya mtu.

Baba Zainabu

Mimi ningeliuza mapema, kabla maili hazijaongezeka. Kule Dar niliendesha Noah miaka mingi bila kuona karatasi ya waranti hata siku moja. Breki zikilia, fundi anazitengeneza jioni hiyohiyo na maisha yanaendelea. Kushindana na kampuni kubwa ni kujichosha.

Msaidizi wa sheria, Cleveland

Kaka, kwa heshima zote, ushauri huo ungemgharimu dada huyu maelfu ya dola, kwa sababu gari jipya likiuzwa baada ya miezi kumi hurudisha pesa pungufu sana, ilhali sheria ya Ohio inaweza kumrudishia bei yote. (Mimi si wakili, nayasema haya ili aende kwa wakili akiwa na maswali sahihi.)

Kuhusu duka la tairi: kuna sheria ya nchi nzima ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kuifunga waranti yake kwa sharti kwamba lazima utumie huduma au vipuri vya jina fulani, isipokuwa vikitolewa bure. Kwenda kwingine peke yake hakuivunji waranti. Anayekataa kutengeneza ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kazi ya duka la tairi ndiyo iliyosababisha kasoro hii. Mwombe meneja aandike sababu ya kukataa kwa maneno yake mwenyewe na kuitia sahihi, na mara nyingi utaona sauti yake inabadilika.

Kuhusu Lemon Law ya Ohio, ile sheria ya kumlinda aliyenunua gari jipya lenye kasoro isiyotengenezeka, muda ni jambo la kwanza. Inahusu kasoro zilizoripotiwa ndani ya mwaka mmoja tangu gari lilipokabidhiwa au maili 18,000, lolote litakalotangulia, na wewe umebakiwa na miezi miwili hivi. Sheria inachukulia kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha iwapo kasoro ileile imetengenezwa mara 3 au zaidi na bado ipo, au gari limekaa gereji jumla ya siku 30 au zaidi, au limetengenezwa mara 8 kwa kasoro mbalimbali, au limetengenezwa mara 1 tu kwa kasoro inayoweza kusababisha kifo au jeraha kubwa na kasoro hiyo ikarudi. Wewe una matengenezo mawili yasiyo na ubishi. Hili la tatu, ambalo walitazama na kukataa, watalibishia, na kwa hiyo lirudishe gari sasa, wafungue karatasi ya kazi, na malalamiko yaandikwe kama ulivyoyatamka. Sheria hiyohiyo inawataka wakupe maelezo ya maandishi ya kila kazi waliyoifanya, kila unapochukua gari.

Sambamba na hayo, mwandikie mtengenezaji mwenyewe barua, si wakala peke yake. Uliza pia kama ana baraza la usuluhishi lililokubaliwa na Mwanasheria Mkuu wa Ohio, kwa sababu kama lipo, utatakiwa kupitia huko kabla ya mahakama. Ukishinda mahakamani, gharama za wakili zinaweza kulipwa na upande wa pili.

Mama Watoto

Nawashukuru sana. Risiti nimeipata: tairi zilibadilishwa nafasi gari likiwa na maili 7,500, yaani baada ya kumpelekea wakala malalamiko ya kwanza. Nina jambo jingine ambalo sikulitaja kwa kudhani ni dogo. Wiki iliyopita nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, mguu umetulia juu ya breki, kanyagio lilishuka polepole karibu lifike sakafuni. Niliachia, nikakanyaga tena, likawa gumu kama kawaida.

Fundi wa Dayton

Dada, hilo si dogo, na halina uhusiano na mtikisiko wa diski. Kanyagio likizama polepole chini ya mguu uliotulia, huenda mafuta ya breki yanavuja mahali, au mipira ya ndani ya silinda kuu inapitisha mafuta bila tone kuonekana nje. Vyote viwili si vitu vya kuisha kwa namna yoyote, na meneja hawezi kukuambia neno lile la pedi.

Usiliendeshe hadi kwake, na watoto wasipande tena. Magari mapya mengi huja na huduma ya kuvutwa bure, na namba yake imo kwenye kijitabu cha waranti, lipelekwe hivyo. Kwenye karatasi ya kazi dai mistari miwili tofauti, mmoja wa mtikisiko na mmoja wa kanyagio kuzama likiwa limekanyagwa, kisha mwombe fundi mkuu aketi nawe garini, injini ikiwa inaunguruma, na akanyage kwa nguvu ileile nusu dakika nzima bila kuachia. Wasiandike tu kwamba tatizo halikuonekana.

Msaidizi wa sheria, Cleveland

Na hilo la kanyagio liripoti leo kwa NHTSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari, ukitaja ile namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17. Kwa namba hiyohiyo watakuonyesha kama gari lako limo kwenye wito wa mtengenezaji wa kurudisha magari yenye kasoro ya usalama ili yatengenezwe. Likiwamo, matengenezo hayo ni ya bure hata meneja akisema nini. Idara haitakutengenezea gari lako, lakini malalamiko yanayofanana yakiwa mengi, huanzisha uchunguzi. Kanyagio likitengenezwa mara moja tu kisha likazama tena, usisubiri mara ya tatu. Piga simu kwa wakili siku hiyohiyo.