MREJESHO: ule ukuta wetu wa Bagamoyo uliokuwa unabanduka rangi

Wakuu habari zenu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini michoro tuliyochora na vijana kwenye ukuta wa nyumba ya kale hapa Bagamoyo, njia ya kushukia soko la samaki, inabanduka hata mwaka haujaisha, na mtaro wa pale umeziba tufanyeje.

Jamani kosa lilikuwa saruji! Yule aliyesema tugonge lipu tuone chini kuna nini Mungu ambariki sana. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na chumvi ya bahari halafu zinapumua, sasa sisi tukazikandika saruji na rangi ya mafuta juu yake, maji yakakosa pa kutokea yakawa yanasukuma rangi nje. Tumebandua yote, tukaacha ukuta ukauke kiangazi, fundi mmoja mzee akatupigia lipu ya chokaa na mchanga, tena kila siku anaimwagia maji isikauke haraka ikapasuka. Tumechora upya kwa rangi za udongo na chokaa, majahazi, ngoma, wamama wa kukaanga samaki, wenyewe wamejitambua wamefurahi mno.

Mtaro tumezibua wenyewe ile Jumamosi ya usafi mwisho wa mwezi, vijana wakaleta ngoma watu wakajaa. Mifuniko ya mtaro ndo bado, barua ya kuiomba iko ofisini tangu mwezi wa tatu kila nikienda naambiwa njoo wiki ijayo. Jumatatu naenda tena na mwenyekiti wa mtaa.